Ngoie wa Kwenye Barafu

Mwanamke mwenye wivu haifai apewe mashine ya kunyolea, na mwanamume mwenye siri haifai ampelekee kichwa chake. Banza alilijua la kwanza. La pili alilisahau, ndiyo maana Alhamisi ile ya Novemba, saa kumi alasiri, alijikalisha mwenyewe kwenye kiti cha Ornella, mchumba wake, katika saluni ndani ya Galerie d'Ixelles, akafungwa kitambaa shingoni kama mtoto anayelishwa uji, akafumba macho kwa raha.

Nywele zilikuwa za miezi kumi. Huko alikotoka hakuna kinyozi anayezijua nywele za mtu wa Likasi. Kusema kweli huko hakuna kinyozi kabisa. Ile wilaya ya mashariki ya Groenland ni kubwa hata ukiitandaza juu ya Ubelgiji hutaona mnara mmoja wa kanisa uliochomoza, lakini watu wake wote ungewamwaga kwenye soko la Jumapili pale Gare du Midi na bado ungepata nafasi ya kubishana bei ya nyanya. Ni wenyeji wa huko tangu mababu, wavuvi na wawindaji wa sili, wana lugha yao na mbwa wao, na baina ya kijiji na kijiji hakuna barabara, kuna barafu tu.

Na Banza alikwenda huko kufanya nini? Kutengeneza friji.

Matonge nzima, ule mtaa wao wa Wakongo, ilicheka. Tantine Régine, shangazi aliyemlea Ornella tangu walipotoka Bukavu, alisema hajawahi kusikia mtu anayepeleka chumvi baharini halafu anadai mshahara. Banza alieleza mara mia kwamba kiwanda cha samaki kina vyumba vya baridi, kwamba baridi ya Mungu hupanda na kushuka lakini ya kiwanda haitakiwi kucheza. Tantine alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwuliza Ornella jikoni kama kweli kijana huyu hana mke mwingine mahali.

Pamoja na hayo, Jumamosi hii wajomba wa Banza walikuwa wanatoka Liège na mahari. Zilibaki siku mbili. Tantine alikwisha kuazima viti vya kanisa, lakini kila mtu nyumbani kwake Evere alijua kwamba anangoja kisingizio kimoja tu, hata kidogo, avirudishe.

Ornella alianzia upande wa kushoto. Alikuwa anafanya polepole kuliko kazi ilivyotaka. Miezi kumi alikuwa akiitazama shingo hii kwenye simu, imekatika vipande na mtandao mbovu. Sasa ilikuwa hapa, ina joto, na nyuma ya sikio kuna kile kidoa alichodhani amekisahau. Banza alifumbua jicho moja, akamwona kwenye kioo anavyomwangalia, akatabasamu. Ornella alijifanya anapuliza nywele kwenye mashine.

Hapo ndipo simu ya Banza, iliyokuwa imelala mbele ya kioo kati ya mafuta na vitana, ikawaka.

Picha ilijaa kioo chote cha simu. Mwanamke wa uso wa mviringo, nywele nyeusi zimefungwa juu, anacheka. Kifuani amekumbatia mtoto mchanga mwenye mashavu kama maandazi mawili yaliyoumuka vizuri. Na chini ya picha maneno ya Kifaransa, yale ya mtu anayetafsiriwa na simu: Ngoie amelala vizuri. Anakutafuta.

Mashine ilinyamaza katikati ya kichwa.

"Ngoie ni nani?" Ornella aliuliza.

Banza alifumbua macho yote mawili. "Ni mama yangu. Si unajua."

"Mama yako tulimulilia mwezi wa pili. Minauliza uyu."

Kwenye kiti cha pili, Précieuse alikuwa anamsuka mteja rasta. Vidole vyake vilipunguza mwendo. Précieuse ni rafiki mwema, ila ana masikio yanayofanya kazi bila ruhusa yake.

Banza alisema ni hadithi ndefu. Alisema ni mtoto wa watu aliopanga chumba kwao. Alisema, na hapa ndipo alipoharibu kabisa, kwamba alikuwa na mpango wa kumweleza Jumapili.

"Dimanche," alisema Ornella. "Kisha dot. Mahari ikikwisha kupokelewa."

"Bon, sikutaka kuchanganya mambo."

"Iko na miezi ngapi?"

"Huit. Munane."

Ornella hakuwa hodari wa hesabu shuleni, lakini hesabu hii haihitaji shule. Mwaka jana mwezi wa sita, Banza alipanda ndege mara ya kwanza. Alirudi wiki mbili za Noeli, akaenda tena. Mtoto kazaliwa mwezi wa tatu. Alihesabu kwa vidole, mashine ikiwa mkononi, na kidole cha tisa kilipoinama hakuhitaji cha kumi.

Na jina. Mtu angeweza kubisha juu ya miezi, lakini juu ya jina haiwezekani. Précieuse ndiye aliyelisema kwa sauti, bila kuinua uso kutoka kwenye rasta: kwao na kwa Banza ni mamoja, binti wa kwanza ndiye anabeba jina la mama wa bwana, na hakuna anayeweza kulitoa ila bwana mwenyewe. Jina hilo haliokotwi njiani.

"Précieuse, tafazali," alisema Banza.

"Miye sijasema kitu. Nimesema tu vile iko."

Ornella aliweka mashine chini, akachukua simu yake mwenyewe. Alikuwa anatafuta namba ya Evere. Banza aliona jina la tantine kwenye kioo, limegeuka kinyumenyume, lakini lilisomeka vizuri kabisa. Simu ile ikiita tu, viti vya kanisa vitarudi kanisani jioni hiyohiyo.

"Maliza kichwa kwanza," alisema. Alikuwa nusu amenyolewa, nusu kichaka, na kwa hali ile hata mtu mwenye haki huonekana mwongo. "Unamaliza kichwa, miye nasema. Nikimaliza, kama bado unataka kumupigia, nitamupigia miye mwenyewe. Utanisikia vile nitamwambia."

Ornella alimwangalia kwenye kioo. Haikuwa huruma iliyomfanya aichukue tena mashine. Alitaka mikono yake iwe na kazi.

Banza akasema.

Mwezi wa pili, simu ya Likasi ilimkuta kiwandani. Maman Ngoie ameamka vizuri, amefua, ameketi kupumzika, basi. Banza alikimbia kutafuta njia ya kutoka. Njia ni helikopta, na helikopta huja hali ya hewa ikitaka. Upepo ulikaa siku kumi na tisa. Walimzika mama yake yeye akiwa amesimama dirishani anatazama theluji inayopita kwa ubavu.

Alifanya kazi kama kawaida. Ila jioni, wenzake wakitoka, alikuwa anaingia kwenye chumba cha samaki na kuvuta mlango, kwa sababu ule mlango ni mnene na haupitishi sauti. Minik, mwenye nyumba aliyopanga, mwindaji, mtu asiyesema maneno kumi kwa siku, alikuja kumtoa humo mara ya tatu. Hakumwuliza kitu. Alimpeleka nyumbani, na kesho yake watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, wanavua buti, wanakaa, wanakunywa kahawa, hawasemi. Banza alilia mbele yao wiki nzima.

Mwezi wa tatu Aviaja, mke wa Minik, akajifungua. Siku hiyohiyo bibi yake Minik, kikongwe wa nyumba ile, alimjia Banza na maswali mawili: mama yako aliitwa nani, na alipenda nini. Kwa watu wale, mtu akifa jina lake haliachwi nje kwenye baridi. Hupewa mtoto anayezaliwa baada yake, na jina likiingia, mwenye jina naye anaingia kidogo. Banza alijibu kwamba aliitwa Ngoie, alipenda kuimba akifua. Wakamwekea mtoto mikononi. Wakamwambia: mushike mama yako.

"Tangu ile siku," alisema Banza, "nikipita njiani, batu wananiambia, mama yako amelala, mama yako iko na kikohozi. Mutu anavua samaki, ananiletea, anasema, hii ya mama yako. Ornella, miye niliona ni mambo ya kichekesho. Siku ya kwanza. Siku ya pili nilianza kuuliza miye mwenyewe, mama ameamka?"

Alinyoosha mkono kutoka ndani ya kitambaa, akafungua picha nyingine. Huyo hapo Minik, mrefu kama mlango, mkono mmoja begani mwa mkewe, mwingine umeshika pezi la sili. Ornella alirudi kwenye picha ya kwanza na sasa aliuona ule mkono, pembeni, umemshika mtoto mgongoni. Mkono mkubwa wa mwanamume. Ulikuwepo tangu mwanzo. Macho ya wivu yalikuwa yameuruka.

Précieuse alipenga kamasi. Mteja wake, mama mmoja wa Goma ambaye hakuna aliyemkaribisha kwenye mazungumzo, alisema taratibu kwamba Mungu ana watu wake kila mahali.

Ornella alimaliza upande wa kulia. Alisawazisha nyuma ya masikio, akapangusa shingo, akapaka mafuta. Banza alidhani amesamehewa. Wanaume wengi hudhani hivyo kichwa kikishapakwa mafuta.

"Ulilia mbele yao," alisema Ornella.

"Eeh."

"Wiki muzima."

"Wiki muzima."

"Na miye uliniambiaka nini?"

Banza aliangalia nywele zake za miezi kumi pale sakafuni.

"Nilikuwa nakupigia kila siku. Uliniambiaka, ça va, usijali, niko sawa. Kila siku ça va." Hakupandisha sauti, ilikuwa inashuka, na hilo lilimtisha Banza zaidi. "Unajua nani alikaa matanga ya mama yako hapa? Ni miye. Nilikaa chini kwa tantine siku tatu, nimefunga kitenge, haujanioa hata. Batu wanaingia, wananiuliza, mutoto ya marehemu iko wapi? Nasema iko kwenye barafu, iko sawa. Mutu amefiwa na mama, iko sawa. Tantine alinicheka usoni. Alisema mwanaume asiyekuletea machozi yake, anayapeleka kwa mwengine. Nikabisha. Sasa naona."

"Aviaja si..."

"Najua Aviaja si. Nimeona bwana yake." Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka hakikukunjika tena. "Kama ungelala naye, ningejua namna ya kukasirika. Ningekuja kukutupia nguo nje kama batu wote. Lakini hii? Kijiji muzima wanakujua vile sikujui. Mutu ambaye anakuvulia samaki anajua uso wako ukilia. Miye siujui. Na ile jina, Banza. Noeli, tukingoja bus, ulisema mutoto wetu wa kwanza, kama ni mwanamuke, ni Ngoie. Nililala na ile jina mwaka muzima. Ukaitoa bila hata kunipigia."

Hapo Banza alitaka kueleza kwamba kwa wale watu jina halimaliziki, watoto wawili, hata watatu, wanaweza kulibeba. Alianza, akaona uso wa Ornella, akaacha. Akasema lingine, lile ambalo pengine alipaswa kulisema mwezi wa pili.

"Nilikuwa nakusikia kwenye simu. Ulikuwa unalia weye. Ukilia, unanificha, unaweka mukono kwenye simu, lakini nilikuwa nasikia. Nikasema, na miye nikilia, nani atatunyamazisha? Uko mbali, niko mbali. Ndiyo nikakuwa nasema ça va." Alijipangusa uso uliokuwa mkavu. "Na ya mutoto, niliogopa. Tantine angesema nimeingia kwenye mizimu. Weye ungenicheka."

"Ningekucheka," Ornella alikubali. "Kisha ningekuuliza mama ameamka."

Nje ya mlango wa kioo watu walikuwa wanapita na mifuko ya majani ya pondu na samaki wa chumvi, redio ya duka la jirani inaimba Kilingala. Ornella aliishika simu yake tena. Jina la tantine lilikuwa bado limekaa palepale, kidole kikielea juu yake. Précieuse aliacha kabisa kusuka.

"Mama yako anajua utanioa?" aliuliza Ornella.

"Nani?"

"Mama yako. Mwenye huit mois."

Banza alikiri kwamba yule bibi kikongwe alimwuliza kabla hajaondoka kama mama yake amekwisha kumwona huyo mwanamke, kwa sababu mtu haoi hivihivi. Alimjibu bado. Hakujua angemwambiaje Ornella jambo kama hilo.

Ornella aliiweka simu yake mfukoni mwa aproni. "Ondoka kwenye kiti," alisema. "Mupigie."

Kwao Bukavu binti haendi mbele ya mama mkwe kichwa wazi, wala haketi juu mama mkwe akiwa chini. Ornella alivua aproni. Précieuse, bila kuombwa, alishafungua kabati na kumrushia vipande viwili vya kitenge. Alijifunga kimoja kiunoni, akapiga kilemba kwa cha pili, akajitazama kwenye kioo kama anayekwenda kanisani, kisha akavuta kile kistuli kifupi cha kuoshea miguu ya wateja na kukaa, magoti pamoja. Mama wa Goma aligeuza kiti chake chote ili asikose kitu.

Simu iliita kwa muda mrefu. Kisha akatokea Aviaja, na nyuma yake dirisha lenye mwanga mweupe wa saa saba mchana. Alikuwa mzuri kuliko kwenye picha, na Ornella hakulipenda hilo. Banza alisema naye maneno machache ya lugha yao, yenye herufi nyingi za kooni. Aviaja alimtazama Ornella, akainua nyusi zote mbili.

"Ananiinulia nyusi juu ya nini?" Ornella aliuliza huku amebana meno.

"Kule ni kusema ndiyo. Anakubali."

Aviaja akamwinua mtoto. Ngoie alikuwa na meno mawili chini na uso wa mtu aliyeamshwa kwa kesi ya watu wengine. Ornella aliinamisha macho kama inavyopasa. Saluni nzima ilingoja. Précieuse alisimulia baadaye kwamba alidhani Ornella atacheka, hakucheka.

"Maman Ngoie," alianza Ornella. "Jambo maman. Ni miye Ornella, wa Régine, wa Bukavu. Niliimba kwenye matanga yako. Leo nimekuletea mashitaka ya mwanako, juu kwetu bibi akikosewa anaanza kwa mama mukwe, hakimbilie inje. Mwanako ni muzuri. Hakunipiga, hakunidanganya na mwanamuke. Lakini amenifungia mulango. Amelia kwenu, kwangu amekuja mukavu. Batu wote wamekula kilio yake, miye sijaonja. Maman, naweza kuolewa na mutu ambaye ananipa kicheko tu? Umwambie. Na jina yako, siku yangu ikifika, nitakuja kuiomba tena. Usininyime."

Aviaja aliuliza kitu. Banza alianza kumtafsiria, nusu Kidenmarki, nusu ile lugha yao. Alifika kwenye neno la mlango. Akatafuta neno la kilio. Wakati huo mtoto aliisikia sauti yake, akageuka, akamwona. Uso wote ulifunguka. Alinyoosha mikono miwili, akagonga kioo cha simu kwa viganja, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kushangaa, mara ya tatu kwa hasira, maana mtu yuko hapa na hashikiki. Kisha akaangua kilio.

"Maman," alisema Banza. "Maman, niko. Niko hapa."

Sauti ilimkatika hapo. Alijaribu kuirudisha mara mbili, ikakataa. Akainama, na lile alilolifungia kwenye vyumba vya samaki likatoka katikati ya Galerie d'Ixelles, alasiri, mbele ya wateja, kwa kwikwi kubwa za mtoto aliyefiwa. Mpita njia mmoja alisimama kwenye kioo kuchungulia. Précieuse alienda kushusha pazia.

Ornella alikuwa bado kwenye kile kistuli. Alimvuta, akakilaza kichwa chake kwenye kitenge, akakishika kwa mikono miwili. Hakumwambia nyamaza. Aliutazama ule uso, macho yamevimba, mdomo umepinda, kamasi, ubaya wote, akautazama kwa uchoyo, kama mtu aliyecheleweshewa chakula akakuta kimebaki.

"Lia," alimwambia. "Ni kwenu hapa."

Kwenye simu Aviaja alikuwa anambembeleza mtoto, na yeye mwenyewe anafuta macho kwa mkono wa sweta. Wanawake wawili walitazamana juu ya vilio viwili. Ornella hakuwa na neno hata moja la lugha yake. Aliinua nyusi. Aviaja akainua zake.

Simu haikuwa imekatwa bado wakati ya Ornella ilipolia ndani ya aproni pale mezani. Ni tantine Régine. Matonge haihitaji gazeti: mtu wa duka la pili alikwisha kumpigia kumwambia kwamba Banza ameonekana na mtoto kwenye simu, mtoto wa kule kwenye barafu, na Ornella amejifunga kitenge kama mwenye msiba. Tantine alizungumza kwa muda bila kupumua. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuvipanga viti mlangoni. Alitaka jibu moja tu: kuna mtoto au hakuna?

"Kuko mutoto, tantine," alisema Ornella. Mkono wake wa pili ulikuwa bado juu ya kichwa cha Banza. "Usirudishe viti. Uongeze moja, mbele kabisa, karibu na prise ya kuchajia simu."

Tantine aliuliza ni cha nani.

"Ya mama mukwe wangu. Atakunywa maziwa tu."